Pini Nne za Ubao wa Matangazo

Jumatatu, 2 Oktoba 2023

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa mbele ya ubao wa matangazo wa halmashauri, hapa Kilindoni. Kama kawaida. Miaka tisa sasa. Mlinzi alikuwa bado anapiga mswaki. Karatasi mpya! Muhuri wa bluu! Neno ZABUNI kwa herufi kubwa! Sikusoma zaidi. Nikaibandua, nikaikunja mara nne, nikaitia mfukoni mwa shati.

Niandike wazi, maana shajara hii naificha nyuma ya gunia la mchele na mke wangu Devota hajui: mimi si mwizi. Pini zote nne nilizirudisha ubaoni, moja kila kona, palepale zilipokuwa. Mali ya umma siigusi. Nachukua karatasi tu, tena kwa muda, mpaka siku ya mwisho ya kupeleka maombi ipite.

Hivyo ndivyo mimi Isdory, mtu wa Bukoba niliyeletwa kisiwani na uhamisho wa mke muuguzi, nilivyokuwa mzabuni pekee wa fagio za chelewa. Fagio za ofisi, za shule, za soko. Sizitengenezi. Zinatengenezwa na akina mama wa kijiji cha Ndagoni, kwa njiti za makuti ya minazi yao. Mimi nanunua kwao, napakia kwenye guta langu la magurudumu matatu, napeleka. Kila mwaka Bi Kidawa, mwenyekiti wao, ananiuliza kama huku mjini limetoka tangazo lolote la fagio. Kila mwaka namjibu halijatoka. Ananishukuru kwa kumwangalizia.

Nimeisoma karatasi juu ya chai. Chai imeniingia puani. Kuanzia sasa hakuna tangazo la zabuni litakalobandikwa ubaoni! Yote yatatoka kwenye mfumo wa mtandao! Mafunzo ni Jumatano ukumbini, bure, watu wote wanakaribishwa.

Nilishika tama kama dakika kumi. Halafu nikapata nuru. Karatasi ni moja, na iko mfukoni mwangu. Nani mwingine atajua kuna mafunzo? Nitakuwa mtu pekee kisiwani anayeujua mfumo! Namshukuru Mungu aliyeniumba mtu wa kuamka mapema.

Jumanne, 3 Oktoba

Gari la matangazo limepita mtaani mara tatu. Spika mbili. Linatangaza mafunzo ya kesho. Limefika mpaka Ndagoni, nimeambiwa, na Utende. Sijui kimewapata nini mwaka huu. Miaka yote wanabandika karatasi tu.

Nashukuru kwamba watu hawapendi mafunzo.

Jumatano, 4 Oktoba

Ukumbi umejaa hadi madirishani! Nimekaa nyuma, karibu na mlango wa choo.

Afisa manunuzi, Bwana Elineema, ni mtu wa Upare, mpole, anaongea polepole kama anayehesabu vidonge. Alianza kwa kusema kwamba tangazo la mafunzo liliwekwa ubaoni Jumapili jioni na kufikia Jumatatu saa mbili lilikuwa limetoweka. Kwa hiyo akaona bora akodi gari la spika. Akashukuru aliyeliondoa, popote alipo, maana kwa karatasi peke yake angepata watu wanane. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Ningefanyaje?

Mbele kabisa alikaa Qasim na kompyuta yake ya mapajani. Qasim ana duka kubwa la vyombo na karatasi pale sokoni, alilorithi kwa babu yake. Anauza fagio za plastiki. Mimi na yeye ni mahasimu tangu mwaka 2015, ingawa sina hakika kama ana habari. Anapokutana nami hunisalimu vizuri sana. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Na safu ya tatu, nani? Bi Kidawa! Amekuja na wenzake watano, kwa bodaboda tatu, wamevaa mabuibui ya kutokea. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanishika mkono kwa mikono miwili. Alisema amefurahi kuniona, angalau wana mtu wao huku mjini.

Pigo la kwanza: kila mtu mwenye simu ataona kila zabuni. Pigo la pili: sehemu ya zabuni imetengwa kwa vikundi maalumu vya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Pigo la tatu, lile la kuua: fagio za mwaka huu zimo humo! Siku ya mwisho ya maombi ni Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 13, saa kumi jioni.

Mimi ni mwanamume. Nina miaka arobaini na sita. Nilinyoosha mkono nikauliza kama maumivu ya mgongo yanahesabika kuwa ulemavu. Bwana Elineema alijibu kwa upole kwamba nilete cheti cha daktari.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimemwambia Devota kuhusu mgongo. Amenisikiliza kwa makini, kama muuguzi. Amenibonyezabonyeza. Kisha akaniambia nikabebe ndoo mbili za maji, akasimama mlangoni kunitazama nazileta, akasema cheti hakuna.

Lakini wakati wa ndoo ya pili nimepata wazo. Kikundi cha wanawake kinatakiwa? Kikundi ninacho! Akina mama wa Ndagoni hawajui mambo ya mtandao. Nitawasajili mimi. Kwa simu yangu. Mwenye simu ndiye mwenye neno la siri, na mwenye neno la siri ndiye mwenye zabuni. Wao wataendelea kufunga fagio, mimi nitaendelea kuwa mzabuni, na hakuna atakayeumia.

Nayashukuru maji. Wazo zuri linataka mzigo begani.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimekwenda Ndagoni na guta. Nimewakuta bandani kwao, wamekaa kwenye jamvi, wanachambua njiti. Kila mama anafunga fagio zake kwa utepe wake uliochanwa kwenye kanga kuukuu, ili jioni wajue nani amefunga ngapi. Bi Kidawa utepe wake mwekundu wa madoa meupe. Bi Mwanamkuu, mweka hazina, wa kijani.

Nimewaeleza mzigo ninaotaka kuwatua. Mfumo ni mgumu. Mfumo una Kiingereza. Mfumo ukiukosea unakufungia. Waniachie mimi. Niliogopa wataniuliza maswali. Hawakuuliza hata moja. Walitazamana, halafu Bi Mwanamkuu akapiga kigelegele.

Bi Kidawa alinionyesha juu. Paa la banda limeoza. Mvua za vuli za mwaka jana ziliwaharibia fagio nyingi, zikaota ukungu, zikaishia kuwashia moto. Mwaka huu mawingu yameanza kujikusanya upande wa Ras Kisimani. Wakipata zabuni kwa jina lao, watapata malipo ya awali na wataezeka bati kabla mvua hazijakolea. Wasipopata, alisema, wengine wataacha. Wamechoka kufunga fagio za ukungu.

Wakanipa namba zao za vitambulisho kwenye karatasi. Wakanipa na pweza mkavu, boga, na chane ya ndizi. Bi Kidawa akaniombea dua ndefu, mikono juu, akataja na jina la mama yangu, ambalo nilimtajia mara moja tu, miaka sita iliyopita.

Boga limenielemea njia nzima. Ni boga dogo tu, sijui kwa nini. Nawashukuru sana.

Jumatatu, 9 Oktoba

Mtandao wa simu yangu unasuasua. Wenye nguvu uko dukani kwa Qasim peke yake. Nimekwenda kwa shingo upande, nikasema nataka kalamu. Amenivutia kiti karibu na feni, akaniletea chai ya tangawizi, akanipa neno la siri la mtandao wake bila kuniuliza nafanya nini. Janja hiyo! Nimegeuza simu asione.

Jina la kikundi: Kikundi cha Wanawake Wafunga Fagio Ndagoni. Nimejaza. Msimamizi wa akaunti: mimi. Namba ya simu: yangu. Orodha ya wanachama na vitambulisho vyao. Hapo nikasita. Je, kama mfumo utauliza msimamizi ni nani kwenye kikundi? Mtu makini huziba kila tundu. Nikajiweka mwanachama namba moja. Bi Kidawa namba mbili.

Nikabonyeza tuma. Ikakubali! Nikamshukuru Qasim kwa sauti kubwa mpaka akashtuka. Nikasahau kulipia kalamu.

Jumanne, 10 Oktoba

Balaa!

Ujumbe umeingia saa tatu asubuhi. Usajili umezuiwa. Kikundi cha wanawake sharti kiwe cha wanawake, na kwa mujibu wa kitambulisho cha taifa, mwanachama namba moja ni mwanamume.

Nikasema nitaanza upya kwa simu ya Devota. Haikubali! Vitambulisho vya akina mama wote vimeshatumika kwenye usajili uliozuiwa. Nimewafungia ndani pamoja nami.

Nimekimbilia kwa Bwana Elineema. Nikamwambia limetokea kosa la kidole. Aliangalia kompyuta yake muda mrefu. Akasema namba ya kitambulisho ina tarakimu ishirini, na kidole changu kimezipatia zote. Hakutabasamu, wala hakukasirika. Alisema njia ipo moja: mwenyekiti wa kikundi aje mwenyewe, mbele yake na mbele yangu, aombe niondolewe. Ijumaa saa kumi jioni mlango unafungwa, na mfumo hauna mtu wa kumbembeleza.

Zamani kulikuwa na sanduku la mbao la kutumbukizia maombi, na mlinzi mwenye roho nzuri. Maji yamenifika shingoni. Devota ameniuliza kwa nini sili boga.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimekwenda Ndagoni kukiri. Nilifanya mazoezi njiani kwa sauti, mpaka mbuzi wa watu wakanipisha. Nilipofika, mdomo ukasema mambo mengine. Umesema mfumo unataka kumwona mwenyekiti ana kwa ana, jambo la kawaida tu, heshima.

Bi Kidawa amekubali palepale. Amenishukuru kwa kuhangaika. Wakati naondoka matone makubwa yakaanza kudondoka, na akina mama wakainuka wote kwa pamoja kuhamisha mafungu ya fagio kutoka kona moja kwenda nyingine, kwa utaratibu, bila kuambizana, watu waliozoea. Nikaweka guta pembeni nikahamisha nao. Ile kona nyingine nayo ilikuwa inavuja.

Sina wazo lolote. Mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Alhamisi, 12 Oktoba

Leo niandike polepole.

Ofisini kwa Bwana Elineema saa nne. Bi Kidawa kakaa kitini, mimi nimesimama. Bwana Elineema akasoma kila kitu kwa sauti ile ya kuhesabu vidonge: msimamizi ni Isdory, simu ni ya Isdory, mwanachama namba moja ni Isdory. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bi Kidawa hakunitazama mimi. Alitazama nyuma ya mlango. Pale palikuwa na ufagio, umeegemezwa, umechakaa nusu. Umefungwa kwa utepe mwekundu wa madoa meupe.

Alisema ule ni wake. Wa mwaka juzi. Alisema shuleni kwa wajukuu zake upo wa kijani wa Mwanamkuu, na sokoni zipo za wote. Alisema wamejua tangu mwaka wa pili nani anaziuza fagio zao kwa halmashauri, na kwamba tangazo huwa lipo, ila huwa linawahi kuondoka.

Miaka minane! Miaka minane mama huyu ananiuliza kama kuna tangazo, anajua lipo, na ananishukuru!

Bwana Elineema akamuuliza kwa nini hakuja kushtaki. Alijibu kwamba mwaka ule wa mvua kubwa, kabla ya hizi za mwaka jana, fagio zilipoota ukungu na hakuna aliyezitaka, mimi nilizinunua zote, nikazianika mwenyewe uwanjani kwangu. (Kweli nilizianika. Nilikuwa na zabuni, ningepeleka nini?) Na siku Mwanamkuu aliposhikwa na uchungu, guta langu ndilo lililomfikisha hospitali, juu ya mafungu ya fagio, na Devota akampokea. Wakakaa bandani wakaafikiana: mwacheni, huyu wetu, ana tabia yake. Ila mwaka huu, alisema, paa limeshindwa kuvumilia. Ndiyo maana aliposikia gari la spika akapanda bodaboda.

Kisha akanigeukia. Akasema kama nilikuwa napenda kuingia kikundini ningesema tu, wangenitafutia nafasi.

Macho yaliniwasha. Nikasingizia vumbi la ufagio. Nimemwomba radhi, kwa mdomo wangu, bila mazoezi. Akaitikia kwamba yamekwisha, mwanangu, tia saini. Nikatia. Nimeondolewa kwenye kikundi cha wanawake saa nne na dakika arobaini asubuhi, na sijawahi kushukuru kufukuzwa mahali kama leo.

Ijumaa, 13 Oktoba

Kufa kupona! Usajili mpya na maombi ya zabuni, kwa simu ya Bi Kidawa, dukani kwa Qasim. Cheti cha kikundi kilikataa kuingia, picha ni kubwa mno. Qasim akarudi kutoka msikitini, hajala, akavua kofia, akakaa kwenye kompyuta yake mwenyewe akaipunguza. Mtandao ukakata saa nane. Ukarudi saa tisa kasorobo. Ukakata tena! Mimi nilikuwa juu ya paa la duka nimeshika waya wa antena, kwa amri ya Qasim, nikiambiwa kushoto, kulia, hapohapo usipumue.

Saa tisa na dakika hamsini, imekwenda! Dakika kumi zimebaki! Vigelegele mpaka wachoma mihogo wakaja kuuliza nani kaolewa.

Nimemuuliza Qasim kwa nini ametusaidia wakati anauza fagio pia. Ameshangaa. Amesema fagio zake za plastiki hazifai kwenye mchanga, hata dukani kwake anafagia kwa chelewa. Akanionyesha. Utepe wa kijani.

Hajui kabisa kwamba sisi ni mahasimu! Nimemshukuru, safari hii shingo ikiwa wima. Na ile kalamu nimeilipia.

Jumatatu, 23 Oktoba

WAMEPATA! Ujumbe umeingia kwenye simu ya Bi Kidawa, naye akanipigia mimi wa kwanza. Mimi! Malipo ya awali yakitoka mabati yatanunuliwa, na mafundi wameshapima.

Nimepewa kazi ya kusafirisha fagio zote kwa guta, kwa makubaliano ya maandishi yaliyosomwa mbele ya wanachama wote. Pia nimepewa doti ya kanga ya sare ya kikundi. Devota amechukua kipande kimoja, mimi nimebaki na kimoja. Amesema kinanipendeza. Amesema pia kwamba gunia la mchele limebakia kidogo sana na nitafute mahali pengine pa kufichia daftari.

Nawashukuru wote. Ndagoni, Elineema, Qasim, Devota, mfumo wenyewe. Mimi ni mtu mpya. Mambo ya kubandua karatasi za watu, basi tena.

Ijumaa, 27 Oktoba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa mbele ya ubao wa matangazo. Kupita tu. Karatasi mpya! Muhuri wa bluu! ZABUNI kwa herufi kubwa!

Moyo ulinipasuka. Mfumo umekufa! Wamerudi kwenye karatasi! Nikawafikiria akina mama wangu. Watu wengine wakiliona tangazo hili kabla yao, itakuwaje? Safari hii si kwa ajili yangu. Ni kwa ajili yao! Nikaibandua, nikaikunja mara nne, pini nikazirudisha, moja kila kona. Nikaondoka na dhamiri safi kabisa.

Saa tatu, narudi kutoka sokoni, nawakuta akina mama kumi na wawili mbele ya ubao, sare mpya, wamepanda bodaboda sita kutoka Ndagoni. Na Bwana Elineema, na Qasim na kamera yake. Bi Kidawa alikuwa ameomba, kwa hisani, jina la kikundi lionekane na ubaoni, kwa macho, kwenye karatasi yenye muhuri, hata kwa siku moja. Miaka yote hawajawahi kuiona zabuni ya fagio pale. Wamekuja kupiga picha nayo.

Ubao mtupu.

Mkono wangu ulienda mfukoni wenyewe. Nikafungua mikunjo minne. KUTANGAZA MSHINDI WA ZABUNI. Kikundi cha Wanawake Wafunga Fagio Ndagoni. Nikasema nimeiokota barabarani. Upepo! Kusi la asubuhi ya leo lilikuwa kali mno.

Bi Kidawa aliipokea kwa mikono miwili. Akautazama ubao. Akaziangalia pini nne, moja kila kona, zimekaa sawasawa. Akasema upepo wa Kilindoni una adabu sana, alhamdulillahi, unachukua karatasi na kurudisha pini. Akina mama walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana Elineema naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Wakanivuta katikati, wakanipa karatasi niishike, tukapigwa picha.

Nashukuru sana. Picha ni nzuri, mikunjo haionekani kabisa. Na nimepata funzo ambalo sitalisahau maisha yangu yote: upepo wa kweli haurudishi pini. Siku nyingine nitachukua na pini.